Bambo la Metro Dubyk

Verbivka, Manitoba, Kanada
3 Oktoba 1993

Mdogo wangu Stefka,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua utajibu "milele na milele" hata kama siku hizi, huko Winnipeg, misa unaisikiliza redioni huku unakaanga mayai. Sisi hatujambo. Mama magoti yanamsumbua, ila fimbo ameikataa. Anasema fimbo ni ya wazee. Jiko ni lake tangu mke wangu, marehemu Nadia, alipotuacha, na mimi simwingilii. Binti yangu Darka ana mimba ya miezi minne, na Mama ameshafuma soksi za kuwatosha mapacha. Mtoto huyo atakuwa nusu damu yangu na nusu damu ya Metro Dubyk, baba yake mumewe Pavlo, na hapo ndipo nilipotaka kufika.

Unajua mwaka huu ulivyokuwa. Mvua ya Julai haikujua kunyamaza. Ngano ilichanua ikiwa imelowa, na ilipofika Agosti masuke ya bondeni, kule karibu na bwawa la bata, yalikuwa ya waridi kama ufizi wa mtoto. Huo ndio ukungu mnaoupima ninyi wasomi. Sisi tunauona tu. Lakini mwinukoni ngano yangu ilisimama safi. Yote nimeitia katika kihenge kimoja cha bati, kile kikubwa nyuma ya banda.

Mwanzoni mwa Septemba nilipakia lori nikalipeleka kwenye ghala la reli, kwa Metro. Akapanda juu na bambo lake, ule mrija mrefu wa shaba, akadunga hapa, akadunga pale, kama daktari anayetafuta mshipa. Akajaza mfuko, akautuma maabara ya mjini. Jibu likarudi: sumukuvu, sumu ya ukungu ule, imepita kiasi. Haifai kwa unga, haifai hata kwa nguruwe. Nilipokwenda tena na mzigo ule, akalirudisha lori mbele ya watu, nami nimekaa ndani yake.

Nikachukua kopo langu mwenyewe, nikalijaza ngano ya kihenge hicho hicho, nikalituma kwa maabara ya binafsi ng'ambo ya mpaka, kwa Wamarekani wasiomjua Metro wala mimi. Jibu: safi.

Sasa nipe mantiki. Kihenge kimoja, mkulima mmoja, majibu mawili. Kitu hakiwezi kuwa hivi na kisiwe hivi kwa wakati mmoja. Hilo Wayunani walilimaliza kabla babu zetu hawajavaa viatu. Kwa hiyo kuna mwongo, na Mmarekani hana sababu ya kudanganya. Metro anayo. Tangu nilipoandika gazetini kwamba kwaya ya kanisa lao inalia kama lango linalotaka mafuta, hajanisamehe. Makanisa yetu yanatazamana barabarani, tunaimba nyimbo zile zile, wao wanaziua.

Wewe unafanya kazi katika maabara ile ya mjini. Niambie tu nani mwongo.

Kaka yako,
Ostap


Winnipeg
19 Oktoba 1993

Kaka Ostap,

Milele na milele, amina. Mayai nimeacha, daktari amenikataza. Mume wangu Walter anakusalimu. Tangu astaafu reli amepanga bisibisi zake kwa urefu, sasa anazipanga upya kwa rangi. Mwambie Mama sweta limenitosha, na kwamba fimbo si ya wazee, ni ya wenye akili. Nimefurahi mno kwa ajili ya Darka. Nilikupigia simu mara kadhaa, nawe kila mara unasema "andika" na kukata. Basi naandika.

Kuhusu mfuko wa mkulima yeyote sitakuambia kitu. Nilitia sahihi siku nilipoajiriwa, na sahihi yangu si ya kuchezewa hata na wewe. Ila kuhusu mantiki yako nitakuambia bure.

Kila Ijumaa ukumbi wa parokia yenu unacheza bingo. Mipira ni ile ile, tundu ni lile lile, anayezungusha ni padri yule yule. Ijumaa hii anashinda mama Hnatiuk, Ijumaa ijayo anashinda yule kinyozi asiyesali. Je, umewahi kusimama ukamwambia padri kwamba tundu moja haliwezi kutoa namba mbili tofauti, kwa hiyo mojawapo ya Ijumaa hizo ni ya uongo? Hujasimama. Unajua kwamba kiganja hakitoi vyote vilivyomo tunduni, kinatoa kiganja tu. Kadiri unachochota kinavyokuwa kidogo, ndivyo kinavyoyumba zaidi.

Na ngano ni mbaya kuliko bingo, kwa kuwa mipira angalau huzungushwa. Kihenge hakizungushwi. Kilichoingia na mkumbo wake hukaa na mkumbo wake. Sumukuvu haitandazwi humo kama chumvi kwenye supu. Inakaa vifundo vifundo: punje elfu hazina kitu, halafu punje moja imebeba mzigo wa zote. Kiganja kikiikosa, utasema safi. Kikiipata, utasema sumu. Na mikono yote miwili inasema kweli.

Kwa hiyo nijibu wewe. Kopo lile ulilichota wapi? Ulichota mahali pamoja au pengi? Juu, katikati, au chini?

Na mpaka unijibu, ngano hiyo isiliwe. Wala na mtu, wala na nguruwe.

Mdogo wako,
Stefka


Verbivka
7 Novemba 1993

Stefka,

Salamu zimefika. Mama hajambo, amelaza kabichi chumvini, nyumba nzima inanuka kama baba yetu yuko hai. Darka tumbo linaonekana. Simu nimeikata kabisa, usijisumbue. Tangu gazeti litoke watu wananipigia kupumua tu.

Ndiyo, nimeandika gazetini. Kichwa cha habari ni "Bambo la Metro Dubyk", ukurasa wa pili, kwa herufi ambazo hata Mama alizisoma bila miwani. Nimesema wazi kwamba mrija wa shaba unadunga pale mkono unapotaka, na mkono unataka pale moyo unapotaka. Nimesema wakulima wa wilaya hii wanahukumiwa na mtu mmoja juu ya lori, bila wakili, bila rufaa. Barua kumi zimekuja kuniunga mkono. Wewe unaniletea bingo.

Swali lako la kopo nimeliona. Ni swali la wakili wa upande wa pili.

Jumatano nilikuwa mkahawa wa ushirika, na mzee Fedorak akaniambia mbele ya watu, basi kama ni safi, uile mwenyewe. Metro alikuwa kona ile anakoroga kahawa. Hakugeuka. Akasema, "Asile peke yake. Atakosa mtu wa kumlaumu." Wakacheka wote, mpaka yule mtoto wa Hnatiuk niliyemfundisha kusoma.

Nilikwenda nyumbani nikachemsha ngano ya kihenge, bakuli zima, nikala. Mpaka leo naandika barua, nakata kuni, nalala kama gogo. Nani amekufa?

Kwa hiyo nimeamua. Jioni Takatifu, mkesha wa Krismasi yetu ya kalenda ya zamani, tarehe 6 Januari, nimewaalika akina Dubyk wote mezani kwangu. Kutya, ile ngano ya kuchemsha na asali inayofungua meza, itapikwa kwa ngano ya kihenge hicho. Darka atakula ngano ya baba yake, na Metro atakaa pale amtazame akila. Jioni ile hakuna anayekataa kutya. Anayekataa anawakataa wafu wetu.

Ostap


Winnipeg
22 Novemba 1993

Kaka,

Msalimie Mama. Walter hajambo. Salamu zimekwisha.

Umekula bakuli moja na sasa unataka kumlisha mjamzito. Wewe uliyewasoma Wayunani, hukusoma bingo. Bakuli lako ni kiganja kingine tu. Umekosa kifundo, basi. Mtu aliyevuka reli amefumba macho na akafika ng'ambo hajathibitisha kwamba treni haipo.

Nitakuambia jambo moja, nisome taratibu. Kuna mfuko hapa kazini. Sisemi wa nani. Niliugawa mafungu manne, nikasaga kila fungu peke yake, nikalipima peke yake. La kwanza lilitoka safi. La pili na la tatu yalikuwa na sumu ya kukunja uso. La nne lilinifanya nisafishe vyombo nianze upya, nikidhani nimekosea mimi. Sikukosea. Mfuko mmoja, uliobebwa na mkono mmoja, juu ya meza moja. Nani mwongo hapo, kaka? Fungu la ngapi nilipeleke gazetini?

Na hili ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu wewe si mjinga. Unadhani jibu safi na jibu chafu ni mashahidi wawili wanaolingana, mmoja huku, mmoja kule, na wewe hakimu unachagua. Hawalingani. Sumu inapokuwa ya vifundo, viganja vingi vitatoka safi hata kihenge kikiwa kibaya. Kiganja safi kinasema: mimi sikukutana nayo. Kiganja kichafu kinasema: ipo. Huyo wa pili huwezi kumnyamazisha kwa kuleta kumi wa kwanza.

Bambo lililodungwa hapa na pale lina heri kuliko kopo lililojazwa mahali pamoja. Ndiyo maana ya hapa na pale. Ulimcheka kwa kitu pekee alichokifanya sawasawa.

Nimekutumia kifurushi cha ngano ya dukani. Kutya ipikwe kwa hiyo. Hakuna atakayejua.

Na bado hujaniambia kopo ulilichota wapi.

Stefka


Verbivka
12 Desemba 1993

Stefka,

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya theluji. Hapana, nimechelewa kwa sababu nilikuwa na hasira, na theluji ilinisaidia. Mama amepata mafua, anapona. Amepaka chokaa dari ya sebule kwa ajili ya Jioni Takatifu. Nimemshika miguu saa nzima huku ananifokea kwamba namshika vibaya.

Kifurushi chako wamekila kuku. "Hakuna atakayejua", umeandika. Unaniambia nidanganye meza ya wafu wetu, halafu unanifundisha ukweli.

Kampuni ya ghala imempumzisha Metro mpaka uchunguzi uishe. Amekaa pale kijana kutoka mjini, amevaa buti mpya, hajui tofauti ya ngano na shayiri. Watu wananiambia nimeshinda. Nimeshinda, ndiyo.

Jumanne Metro alikuja uani kwangu kwa miguu. Nilikuwa naondoa barafu kwenye bomba la maji. Nilitegemea ngumi, nikaweka shoka mbali nisije nikajaribiwa. Akasimama tu. Akasema, "Mkwe, kula wewe. Kula mpaka ushibe, andika vitabu. Ila Darka asile."

Nikamuuliza tangu lini yeye ndiye wa kumkataza mwanangu chakula cha nyumba alimozaliwa.

"Tangu abebe mjukuu wangu," akasema.

"Na wangu."

"Basi na wewe mkataze. Tutakuwa tumekubaliana mara moja maishani."

Nikamwambia akija tarehe 6 aje na kijiko chake, maana vya kwangu ataona vina sumu. Akaondoka. Anatembea vibaya siku hizi, kama mtu aliyenyang'anywa ngazi.

Unauliza kopo. Nilichota kama anavyochota mtu yeyote. Tuishie hapo.

Ostap


Winnipeg
20 Desemba 1993

Kaka yangu Ostap,

Mpe Mama pole ya mafua. Walter ameteleza barafuni akavunjika kifundo cha mkono, kwa hiyo hatutaweza kuja Jioni Takatifu. Ningekuja mwenyewe nikusimamie jikoni.

Navunja kiapo. Miaka ishirini sijawahi.

Mfuko ule ulikuwa wako. Bambo ni la Metro, lori ni lako, na aliyeusaga ni mimi. Niliona jina lako, Hrynkiw, kwenye karatasi. Ilinipasa nimpe mwenzangu, nikasema hapana, ni wa kaka yangu, nitaupima kwa uangalifu zaidi. Fungu la kwanza lilipotoka safi nilifurahi mpaka nikaimba. Ningeishia hapo ningekuandikia siku ile ile kwamba Metro ni mwongo, na wewe ungeanika barua yangu gazetini. Nikaendelea kwa sababu sheria inasema uendelee. Fungu la nne, kaka. Ni kiasi kinachoweza kumlaza mtu mzima. Tumboni mwa mjamzito sijui kitafanya nini, wala wanaojua zaidi yangu hawajui, na kutojua kwao ndiko kunakonitisha.

Nimempigia Darka simu, kwake. Nimemwambia yote. Unajua amenijibu nini? "Shangazi, nikikataa bakuli lake mbele ya baba mkwe, baba atafia pale mezani. Nitakula kidogo." Nikamwambia kidogo pia ni kiganja, hujui kitatoka na nini. Ni mtoto wako kabisa: anaelewa kila kitu na hasikii.

Hatakataa. Kwa hiyo ni wewe. Usipike. Nakuomba kwa jina la marehemu Nadia, usipike.

Stefka


Verbivka
9 Januari 1994

Mdogo wangu Stefka,

Kristo amezaliwa. Mama hajambo, mafua yamekwisha.

Barua yako ya Desemba ilifika tarehe 4. Niliutambua mwandiko, nikaiweka juu ya friji bila kuifungua. Bado iko pale.

Walikuja wote: Metro na mkewe Olha, Pavlo na Darka. Sikudhani Metro angekuja. Alivaa shati la darizi la harusi ya watoto, limemlegea shingoni. Nyota ya kwanza ilipotokeza Mama akawasha mshumaa, tukasali, sala moja kwa makanisa mawili.

Kutya ilikuwa vyungu viwili. Cha kwanza Mama alikipika kwa ngano niliyoichota jana yake mlangoni mwa kihenge, kule chini. Mchana akasema haitatosha, niongeze. Nikatoka na ndoo. Mlango ulikuwa umeganda. Niliugonga kwa nyundo, haukusogea. Nikapanda ngazi, nikafungua kifuniko, nikachota juu. Juu kuna ngano ya bondeni, kwa sababu ndiyo niliyoivuna mwisho. Sitakuambia niliona nini ndani ya ndoo. Nilimpa Mama, na macho ya Mama unayajua. Asali na mbegu nyeusi za mpopi zikafunika yaliyobaki.

Sasa nakujibu la kopo. Nililichota mlangoni, ingawa lori nililipakia kutoka juu. Pale umelala mkumbo wa kwanza, wa mwinukoni, alioubariki padri siku ya kwanza ya mavuno. Baba alifanya hivyo na babu alifanya hivyo: iliyobarikiwa huingia kwanza, ikae chini, izibebe nyingine. Nilipotaka kuwatumia wageni, nikachota hiyo. Nani huwapelekea wageni kibaya? Ukibeba kikapu cha Pasaka kanisani hubebi mayai yaliyopasuka. Sikuona kwamba nadanganya, Stefka. Niliona kwamba nina adabu.

Chungu cha Mama, kile cha kwanza, kilikaa upande wetu. Cha pili nilikiweka upande wa wageni, nami ndiye niliyekiweka. Darka alikaa kwa mumewe, upande ule.

Nilichota kijiko katika chungu cha Mama, nikazirusha punje darini kama desturi, maana zikinata nyingi mwaka huwa wa heri. Zilinata nyingi kuliko mwaka wowote ninaoukumbuka, kwenye chokaa mpya. Nikacheka, nikamwambia Metro, unaona? Hakutazama dari.

Nikapakua. Darka akainua kijiko. Alikuwa ananitazama mimi, hatazami bakuli, kijiko kikakawia njiani, nikajiambia ni uzito wa mimba. Hapo Metro akanyoosha mkono, akalivuta bakuli la Darka kwake juu ya kitambaa, taratibu, kama mtu anayesogeza chumvi. Akala lake. Akala na la Darka, mpaka chini, akikwangua. Olha alimshika mkono, Metro akauondoa. Alipomaliza akafuta masharubu.

"Ostap," akasema, "huyu mtoto hajui bado tunagombania nini. Sisi wawili tunajua. Basi tule sisi."

Nikala bakuli langu. La chungu cha Mama.

Kabla hatujafika kwenye samaki, Metro alikuwa nje barazani, ameshika nguzo, anatapikia theluji. Pavlo na Olha walionja vijiko vichache. Yakawapata nao, kidogo. Sisi wa upande huu hata kichefuchefu hatukusikia. Meza moja, Stefka. Kihenge kimoja.

Metro yuko hospitali, amewekewa maji mshipani. Amenyong'onyea lakini anaongea, na daktari anasema atarudi. Mtoto yu mzima, wamemsikiliza. Darka hajanisemesha. Alipotoka alichukua koti lake na kijiko chake cha utotoni, kile cha mama yake, akafunga mlango bila kuubamiza. Afadhali angeubamiza.

Jana nilipanda kiti nikazibandua punje za darini. Mama anasema nimeharibu mwaka wa heri. Nimezitia ndani ya bahasha hii. Zipime. Nataka jibu lenye namba.

Kaka yako,
Ostap


Winnipeg
24 Januari 1994

Kaka Ostap,

Mtukuzeni. Mwambie Mama mwaka hauharibiki kwa kubanduliwa punje. Walter anafungua chupa kwa meno, ni aibu tupu.

Bahasha imefika. Sikuzipima. Ni chache mno, kaka. Punje hizo haziwezi kumtia mtu hatiani wala kumsafisha. Namba ningekupa, na ungeishika kama ulivyoishika ile ya Mmarekani, au ungejichapa nayo, na zote mbili zingekuwa bure. Nimezitupa.

Ile barua iliyo juu ya friji ilikuwa ya kabla. Sasa haina kazi.

Kazini nimewaambia kwamba nilitoa siri ya mfuko. Wataamua wao. Usiniandikie pole.

Darka amenipigia. Mtoto anapiga teke usiku kucha. Ameniomba ngano ya dukani kwa ajili ya Sikukuu ya Yordani, ile ya ubatizo wa Bwana, na nimempelekea. Amesema Metro amerudi nyumbani, anakunywa supu, anauliza kila asubuhi kama ghala limefunguliwa. Yule kijana wa buti mpya bado anakalia kiti chake, na kampuni haitamrudisha maadamu maneno yako yamesimama pale yaliposimama.

Nasikia umemwambia mhariri unataka kuandika makala ya Krismasi na upatanisho wa makanisa. Nakujua: itakuwa nzuri, watu watalia. Usiiandike. Chukua ukurasa ule ule wa pili, herufi zile zile ambazo Mama alizisoma bila miwani, na kichwa kile kile. Usiandike kwamba umesamehewa, maana hujasamehewa. Mantiki iache, na Wayunani uwaache wapumzike.

Andika ulikochota.

Mdogo wako,
Stefka